Uji wa Wodi Namba Tatu

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu wakati mambo haya yanatokea jina hilo lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ndogo kufanyiwa mapitio, na hadi leo halijarudi. Wenyewe waliiita "hapa kwetu," na barua za serikali ziliiita "nchi husika." Ilikuwa nchi yenye bahati sana. Ilikuwa na wizara thelathini na tatu, kila wizara ilikuwa na mwongozo wake, na kila mwongozo ulikuwa na kijitabu cha kueleza namna ya kuusoma.

Katika nchi hiyo, kwenye mji wa Kwamsopo, aliishi mjane mmoja aitwaye Sikudhani binti Mgeni, mwenye mikono mipana na sauti isiyojua kunong'ona. Marehemu mumewe alikuwa seremala. Kila siku kabla jua halijachomoza, Bi Sikudhani alikwenda nyuma ya hospitali ya mji, akawasha moto na kuteleka sufuria kubwa ya uji.

Hospitali ile ilitoa kitanda, ilitoa dawa siku zilipokuwapo, na ilitoa shuka kwa waliofahamiana na msimamizi wa shuka. Chakula ilikuwa kazi ya ndugu. Mwenye ndugu aliletewa wali na mchuzi kwenye hotpoti, na asiye na ndugu alilazwa Wodi Namba Tatu. Humo mlikuwa na wapagazi walioangukiwa na magunia, vibarua wa mashamba ya mbali, wazee waliookotwa stendi, na wanawake waliotelekezwa na waliowaleta. Kwa miaka kumi na mmoja hao wote waliishi kwa uji wa Bi Sikudhani na wenzake watano: uji wa ulezi wenye ndimu na sukari, bakuli moja asubuhi na moja jioni. Akina mama wale hawakuwa na jina, hawakuwa na mhuri, wala hawakujua kwamba wanavunja kitu chochote.

Unga walipata kwa njia ambayo sijaisikia kwingine. Langoni mwa hospitali walitundika kapu, wakalifunika kanga kuukuu. Aliyekuwa na chochote alipitisha mkono chini ya kanga akatia. Aliyekuwa na shida alipitisha mkono vilevile akatoa. Hata matajiri wa Kwamsopo, ambao kwa kawaida walipenda kutoa sadaka mbele ya kipaza sauti, walijizoeza kutumbukiza mkono kila wapitapo, ili yule anayetoa asionekane tofauti na yule anayetia. Jioni Bi Sikudhani alifunua kanga na kuchukua kilichobaki. Siku moja walikuta pete ya dhahabu. Siku nyingine walikuta kifungo cha shati na kikaratasi cha kuomba radhi. Lakini hakuna siku hata moja walipokuta kapu tupu.

*

Mwaka ule serikali ilipatwa na wasiwasi kuhusu watu wanaotenda mema bila kusimamiwa. Ikatoa Mwongozo wa Fedha, Kodi na Utawala Bora kwa Asasi Zisizotengeneza Faida, Toleo la Pili Lililorekebishwa, kurasa mia nne na kumi na mbili. Toleo la Kwanza halikuwahi kutoka, na hiyo ndiyo sababu ilibidi lirekebishwe.

Aliyeuleta Mwongozo huo Kwamsopo alikuwa Bwana Eliamini Mtulia, Afisa Mwandamizi wa Uzingativu. Ningependa kumsema vibaya ili hadithi iende vizuri, lakini alikuwa mtu mpole, msafi, aliyewaamkia wazee wake kwa kuinama kidogo. Aliupenda Mwongozo kwa moyo wake wote. Aliubeba kwenye mfuko wa nailoni usipate vumbi, na kila alipoufungua alifuta vidole kwa leso kwanza.

Aliwakuta akina mama wakichochea kuni jikoni. Akatoa shikamoo, akapewa marahaba, akapewa na kigoda. Kisha akauliza mwenyekiti wa bodi ni nani, mkaguzi wa nje ni nani, na sera yao ya mgongano wa maslahi iliidhinishwa lini. Mama Pulkeria, ambaye ndiye aliyekuwa akikoroga, alijibu kwamba mgongano waliowahi kuwa nao ni mmoja tu, kuhusu ndimu, na ulikwisha siku hiyohiyo. Bwana Eliamini aliandika jibu hilo lote.

Walipofika kwenye kapu, kalamu yake ilisimama.

"Mama, hizi fedha zinatoka kwa nani?"

"Kwa watu," alisema Bi Sikudhani.

"Watu gani?"

"Mwanangu, ndiyo maana pana kanga."

Bwana Eliamini alifuta vidole, akafungua ukurasa wa themanini na nane, akausoma kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo mabaya ya daktari. Fedha isiyojulikana chanzo chake ilikuwa hatari kwa usalama wa nchi. Huenda ndani ya kapu lile mlikuwa na pesa za majambazi, au za maadui. Bi Sikudhani alimwuliza ni adui gani atakayetia sarafu mbili ili mpagazi aliyevunjika kiuno anywe uji. Afisa akajibu kwa huzuni ya kweli kwamba hilo ndilo Mwongozo unalotaka kujua.

Kwa hiyo ile sufuria ikatiwa lakiri. Ilikuwa lakiri nzuri, nyekundu, yenye nembo ya nchi husika, ikakazwa kwa uzi kutoka mfuniko hadi mpini, isifunguliwe mpaka asasi isajiliwe kikamilifu. Bwana Eliamini alionja uji uliobaki kwenye upawa, akausifu, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu akaandika kwenye taarifa yake kwamba ameonja.

Jioni ile wagonjwa arobaini na mmoja wa Wodi Namba Tatu walikaa vitandani wakisubiri. Bi Sikudhani ndiye aliyeingia kuwaambia. Alijitahidi kueleza kuhusu bodi na chanzo cha fedha, akajikuta anatoa machozi katikati ya sentensi, jambo lililowatisha wagonjwa kuliko njaa yenyewe. Mzee Ligoneko wa kitanda cha kumi na nne, aliyekuwa amevimba miguu, alimpigapiga mkono akamwambia haidhuru, mambo ya serikali huwa hayakawii.

Kesho yake Bi Sikudhani alikuja na chupa tatu za chai kutoka nyumbani kwake. Bwana Eliamini alimkuta mlangoni, akamweleza kwamba mtu anayemlisha asiye ndugu yake, mara kwa mara na bila malipo, kisheria ni asasi iliyojificha. Bi Sikudhani akasema basi hawa ni ndugu zake. Afisa akauliza wangapi. Akasema wote. Bwana Eliamini alihesabu vitanda kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema mama aliyezaa watoto arobaini na mmoja wa makabila kumi na tisa anastahili nishani, na kwamba yeye mwenyewe angefurahi kumjazia fomu ya nishani hiyo. Lakini chai haikuingia.

*

Ili asasi isajiliwe, viongozi wake walipaswa kwanza kuhudhuria semina. Semina ilifanyika siku tatu katika hoteli yenye zulia, na mada yake ilikuwa Kubana Matumizi. Walikuja wawakilishi wa asasi zote za wilaya: waliokuwa wakichimba visima, waliokuwa wakiwaongoza vipofu barabarani, na mzee mmoja aliyekuwa akifundisha watoto viziwi mpaka shule yake ikafungwa kwa kutokuwa na kengele.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri mwenyewe. Alichelewa saa nne kwa sababu alikuwa akifungua semina nyingine kuhusu kutunza muda. Hotuba yake ilikuwa tamu, na ninaiweka hapa kama ilivyoandikwa kwenye gazeti la serikali:

"Ndugu zangu, huruma ni rasilimali ya taifa kama madini. Je, tunamruhusu kila mtu achimbe madini anavyotaka? Hatumruhusu. Mtu anayehurumia bila kibali anaipunguza huruma iliyotengwa kwa bajeti ya mwaka. Serikali yenu haipingi wema. Serikali yenu inataka wema uwe na risiti."

Watu walipiga makofi, na waliochelewa kupiga waliandikwa. Bi Sikudhani alipiga pia, akiwaza kwamba huko wodini imefika saa ya uji wa jioni.

Alijifunza mengi siku zile tatu. Alijifunza kwamba bodi lazima iwe na watu tisa, wasiofahamiana, wasiowajua walengwa, na ambao hawajawahi kuugusa uji, maana aliyeugusa ana maslahi. Wodi sasa haikuwa na wagonjwa, ilikuwa na walengwa. Alijifunza pia kuhusu kutenganisha majukumu, ili wizi usipate nafasi. Mtunza unga asiwe mkorogaji. Mkorogaji asiwe mwonjaji. Mwonjaji asiwe mgawaji. Na ili wasile njama, mkorogaji asiuone unga kabla haujaingia kwenye sufuria, kwa hiyo Mama Pulkeria alielekezwa kukoroga akiwa ameipa sufuria mgongo. Bi Sikudhani alipangiwa kuwa mgawaji, na akaambiwa tangu siku ile asiulize uji umetokana na nini.

Mchana walikula kuku wa kukaanga, wali wa nazi na matunda ya aina tano. Siku ya pili Bi Sikudhani alifunga mapaja matatu ya kuku kwenye karatasi na kuyatia mkobani. Mlangoni alikaguliwa, maana kukaguliwa ilikuwa sehemu ya mafunzo. Hakuaibishwa hata kidogo. Walimpa fomu ya kurejesha kuku, akaijaza, na mapaja yale yakarudishwa jikoni yakahifadhiwa kama kielelezo.

*

Baada ya semina likaja suala la kodi. Bwana Eliamini alimhakikishia Bi Sikudhani kwamba asasi isiyotengeneza faida hailipi kodi hata senti moja. Ilitakiwa tu iwe na cheti cha msamaha, na cheti hicho hutolewa kwa asasi iliyothibitisha kwamba imelipa kodi miaka mitatu mfululizo.

"Kodi ya nini, na uji tunatoa bure?"

"Ndiyo maana tunakadiria, mama. Tunapiga hesabu ya kile ambacho wangekulipa kama wangekuwa na pesa, na wewe ungekuwa unauza."

Yalikuwa makadirio ya haki kabisa, yalizingatia hata ndimu. Akina mama wakauza walichoweza. Mama Pulkeria aliuza cherehani yake, iliyokuwa ndiyo riziki ya nyumba yake, na Bi Sikudhani aliuza randa na misumeno ya mumewe, ambayo kwa miaka tisa alikuwa akiipaka mafuta kila Ijumaa bila kujua kwa nini. Wakalipa kodi ya miaka mitatu ya uji ambao hawakuuuza. Wakapewa risiti, na kwa risiti hiyo wakapewa cheti cha msamaha kisemacho kwamba hawadaiwi kodi na hawajawahi kudaiwa.

Lilibaki kapu. Mwongozo haukulikataza, na ninalisema hili kwa sababu wapo wenye midomo wanaodai kwamba lilikatazwa. Mwongozo ulitaka tu kila mkono unaoingia ujulikane. Pembeni ya kapu ikawekwa meza, na kwenye meza daftari, na nyuma ya daftari karani mwenye miwani. Anayepita aandike jina, kazi, anapoishi, anatia au anatoa, na kiasi gani. Kanga iliondolewa ili karani aone vizuri.

Siku ya kwanza watu wa Kwamsopo walipita upande wa pili wa barabara. Siku ya pili vilevile. Matajiri hawakutia, maana walikuwa na mambo yao na ofisi ya kodi. Maskini hawakutoa, maana nani ataandika kwenye daftari la serikali kwamba leo hana chumvi? Siku ya tano alikuja bibi mmoja kikongwe, akaomba aandikiwe. Alisema mwaka juzi alichukua sarafu nne za kununulia mafuta ya taa, na sasa amekuja kuzirudisha. Karani akaandika. Wiki iliyofuata bibi yule aliitwa ofisini kueleza mafuta yale yaliwasha taa ya nani, na kama ana risiti ya duka. Baada ya hapo hakuna mkono mwingine ulioingia.

Bwana Eliamini alifunua taarifa yake ya mwezi akamwonyesha Bi Sikudhani kwa furaha. Asasi yao sasa haikuwa na hata sarafu moja yenye chanzo kisichojulikana.

Bi Sikudhani alilitazama lile kapu lisilo na kanga, na kilichomuuma si kwamba lilikuwa tupu. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kujua nani katika mji wake ana shida, na alipenda kutojua. Sasa alianza kuwabaini wenye shida. Alimwona jirani yake akikaza mwendo mbele ya lango, akaelewa, akatamani asingeelewa.

*

Hatua ya mwisho ilikuwa Orodha ya Walengwa. Kila anayekusudiwa kunywa uji aandikwe majina mawili, namba ya kitanda, na aweke dole gumba. Bi Sikudhani aliingia wodini na kidau cha wino, akapita kitanda hadi kitanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyajua majina yao yote. Zamani alikuwa akisema tu "haya, baba, kunywa," na wao wakinywa.

Mzee Ligoneko alikuwa amekonda usoni na kuvimba zaidi miguuni. Muuguzi alikuwa akiwapa maji ya sukari kwa kijiko, kwa siri, akiogopa kuwa asasi. Mzee aliweka dole lake kwenye karatasi, akaitazama alama yake.

"Mwanangu, uji wenyewe lini?"

"Orodha ikirudi, baba."

"Imekwenda wapi?"

"Inakwenda makao makuu."

"Basi waambie mimi ni wa kumi na nne," alisema, "wasije wakaniruka."

Orodha ikaondoka na gari la serikali, majina arobaini na moja yakiwa na madole arobaini na moja. Ikapita idara ya kwanza, ikapita ya pili. Idara ya tatu iliirudisha kwa sababu majina yalipangwa kwa vitanda na si kwa alfabeti. Ikapangwa upya. Bodi ya watu tisa ikakutana kuidhinisha kupangwa upya huko, ikapokea posho ya kikao na posho ya usafiri, na kwa kuwa wajumbe hawakuruhusiwa kufahamiana, ikachukua nusu siku kumpata mwenyekiti.

Bi Sikudhani alikwenda ofisini kwa Bwana Eliamini kila Jumatatu na kila Alhamisi. Hakugombana tena. Alikaa kwenye benchi, mikono yake mipana juu ya magoti, na alipoulizwa shida yake alisema amekuja kuuliza. Bwana Eliamini alimletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye halali vizuri. Bi Sikudhani alimwamini, na kumwamini kulimvunja moyo zaidi, maana kama angekuwa mtu mbaya pangekuwa na wa kulaumu.

Miezi minne ikapita. Mzee Ligoneko alifariki katika mwezi wa pili. Kisha wakafariki wengine, na wengine waliruhusiwa au walijiruhusu wenyewe wakaondoka wakijikokota kwenda kutafuta chakula. Vitanda havikukaa wazi, kwani nchi husika haikuwahi kupungukiwa na watu wasio na mtu. Mwisho wa mwezi wa nne, kati ya wale waliotia dole, walibaki wodini wawili tu.

Ndipo kibali kikaja.

*

Kilikuja kwa sherehe. Lango lilifungwa utepe, kwaya ya watumishi wa umma iliimba wimbo wenye beti sita kuhusu uwajibikaji, na Waziri alituma hotuba isomwe kwa niaba yake na mtu aliyetumwa na aliyetumwa naye. Asasi ilitunukiwa ngao ya kioo kwa kuwa na hesabu safi kuliko zote wilayani. Katika miezi minne haikuwa imetumia vibaya hata kijiko cha unga. Mama Pulkeria aliishika ngao ile akauliza kama inauzika.

Lakiri ikakatwa kwa mkasi. Pamoja na kibali serikali ilileta unga wa kutosha bakuli arobaini na moja, uliopimwa kwa gramu, na sukari yake. Mtunza unga akaumimina. Mama Pulkeria akakoroga akiwa ameipa sufuria mgongo. Mwonjaji akaonja, akaweka sahihi. Kisha sufuria ikaingizwa Wodi Namba Tatu, na harufu ya ulezi na ndimu ikatangulia.

Siku ile walikuwamo wagonjwa arobaini na wawili. Wote walijiinua, walioweza. Bi Sikudhani alishika upawa, na Bwana Eliamini akasimama kando yake na Orodha. Akamweleza kwa upole kwamba kibali ni cha majina haya, na uji ni wa majina haya. Mtu asiyemo atasubiri Orodha ya mwaka ujao. Uji wa mlengwa asiyepatikana utamwagwa mbele ya mashahidi, ukiandikwa kiasi chake.

"Lakini hawa ndio wenye njaa," alisema Bi Sikudhani.

"Najua, mama. Soma tu."

Bi Sikudhani akasoma. Jina la kwanza lilikuwa la mmoja wa wale wawili waliobaki, naye akaitika, akapewa bakuli lake. Jina la pili lilikuwa la mtu aliyezikwa kabla ya mvua. Bi Sikudhani alilisoma. Hakuna aliyejibu. Alisikia shuka zikisugua vitanda, na mtu akimeza mate. Bwana Eliamini akasogeza ndoo ya kumwagia.

"Nipo," ilisema sauti kutoka pembeni.

Alikuwa kijana wa machimbo aliyeletwa wiki moja kabla, kichwa kimefungwa bandeji. Bwana Eliamini alimtazama, akautazama uso wa Bi Sikudhani.

"Huyu ndiye?"

Katika maisha yake yote Bi Sikudhani hakuwahi kusema uongo wa kuandikwa. "Ndiye," alisema.

Bwana Eliamini aliinamisha uso kwenye karatasi, akatia alama ya vema.

Baada ya hapo wodi nzima ilielewa. Kila jina liliposomwa palikuwa na aliyelichukua. Jina la Ligoneko lilipofika, aliyeitika ni mwanamke mja mzito wa kitanda cha tano, na kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuandika jinsia, hapakutokea tatizo lolote la kiutaratibu. Bi Sikudhani alimimina uji wa mzee yule kwenye bakuli la mwanamke yule, akilia bila kujificha, na mkono wake haukumwaga hata tone. Wafu arobaini kasoro wachache walikunywa uji asubuhi ile. Ndoo ya kumwagia ilibaki kavu.

Likabaki jina moja la mwisho na bakuli moja la mwisho. Lilikuwa la mtu aitwaye Zawadieli Ntandu, fundi wa viatu, aliyefariki siku tatu tu kabla ya kibali kufika. Bi Sikudhani alilisoma polepole.

"Nipo," alisema mzee mmoja kutoka kushoto.

"Nipo," alisema mama mmoja kutoka kulia, kwa wakati uleule.

Hakuna kati yao aliyekuwa mkaidi. Kila mmoja alikuwa amesubiri, amewapisha wengine, mpaka majina yakaisha. Bwana Eliamini alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, kwamba sheria haimtambui mtu mmoja mwenye vitanda viwili. Bi Sikudhani akasema atawagawia nusu kwa nusu. Afisa akafuta vidole, akafungua ukurasa, na ukurasa ukasema mlengwa anayepata nusu ahesabiwe ameibiwa nusu, na sufuria itiwe lakiri tena.

"Wewe ndiye mgawaji, mama," alisema. "Unayemjua ni wewe. Zawadieli ni yupi?"

Bi Sikudhani alimtazama mzee. Kisha akamtazama yule mama. Wote wawili walikuwa wameshika mabakuli matupu kifuani, na hakuna aliyemhimiza. Upawa ulikuwa umejaa. Mwishowe akaupeleka kushoto, kwa sababu mzee ndiye aliyekuwa karibu, na hakuwa na sababu nyingine.

Yule mama hakulalamika. Aliteremsha bakuli lake, akaliweka juu ya kabati la kitanda, akalifuta kwa ncha ya shuka ingawa lilikuwa safi.

"Haidhuru," alisema. "Na kesho mimi mtaniita nani?"

Bi Sikudhani akairudia Orodha. Akaanza kuisoma upya kutoka juu, kimoyomoyo, kidole chini ya kila jina. Yote yalikuwa na watu.